Sketi ya Lesi Iliyosimama Bila Mtu

Ndugu zangu, na nyinyi akina mama wa kikundi chetu hapa Kaloleni, nimesimama mbele yenu na kitu mkononi kwa sababu maneno peke yake yangenishinda. Hii ni sketi ya lesi, ya kujifunga juu ya nguo za kuogelea. Dada yangu aliifuma kwa kroshia. Jina lake sitalitaja. Wengi wenu mlimjua.

Yeye ndiye aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki, na vitambaa vya makochi alivyofuma ndivyo vilivyonifikisha chuo cha ualimu. Mchana alisafisha vyumba katika hoteli moja kando ya ziwa. Huko alimwona mgeni akitoka majini, amejifunga sketi kama hii. "Ina matundu mengi kuliko uzi," aliniambia, "na bado inamsitiri mtu." Akaanza kufuma yake. Majirani wakamtania: "Wewe, utaonekana kama meza imetoka kutembea!" Naye akawajibu, "Basi leteni chai muweke juu."

Kisha akaugua. Wakati huo, miaka ya tisini ilipoanza, ugonjwa ule hatukuutaja. Nawaambia bila kinyongo, ila bila kuficha: watu walianza kurudisha vitambaa vyake. Waliviacha mlangoni petu, kule Migosi, bila kubisha hodi. Vingine vilikuwa vimechemshwa hadi maua yake yakapoteza umbo. Dada yangu alivikunja kimoja kimoja. "Wameogopa uzi," alisema, kisha akaendelea kufuma.

Alifariki kabla ya kumaliza pindo. Tulimzika nyumbani, Asembo Bay. Siku ya kugawa nguo za marehemu, kama ilivyo desturi yetu, jamaa walilizunguka beseni lenye nguo zake na hakuna aliyetia mkono. Nilichukua sketi hii nikaondoka.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka. Niliacha kwenda darasani kufundisha. Nilijifungia nyumbani nikijaribu kumaliza pindo, lakini kila mfumaji ana mkono wake: yeye alifuma kwa utulivu, mimi kwa hasira. Pindo likajikunja. Nikafumua, nikafuma, nikafumua tena, hata nikawa sioni sababu ya kuamka.

Ndipo mama mmoja wa kikundi hiki alipobisha hodi. Alikuwa miongoni mwa waliorudisha vitambaa.

"Nyathina," aliniita, yaani mwanangu, "leta hiyo kitu nione."

Sikumpa. Akanyoosha mkono, akaichukua mwenyewe, akaitandaza mapajani pake.

"Ai! Unakaba uzi kama shingo ya kuku. Legeza, Mwalimu."

Hakuniomba msamaha. Alikaa tu, akafuma. Kesho yake alirudi na wenzake, tukaimaliza.

Sasa sikieni tulichofanya. Sisi tumezoea vitambaa vya makochi, ambavyo sharti vikauke vikiwa vigumu. Kwa mazoea hayo, akina mama waliichovya sketi katika uji wa muhogo, wakaianika. Tulipoishusha kutoka kwenye kamba, ikasimama wima sakafuni kama kapu.

"Mayoo! Inasimama bila mtu!" mmoja alipaza sauti, nasi tukacheka mpaka tukashikana mabega.

Halafu kicheko kikakatika. Ilikuwa imesimama bila mtu kweli, kiuno chake kipana, kama alivyokuwa dada yangu alipokuwa mzima. Tukalia sote, bado tumeshikana. Tangu mazishi, sikuwa nimelia pamoja na mtu.

Tuliisuuza ziwani, Asembo Bay, ikalainika. Baada ya hapo nilirudi darasani. Huzuni haijaniacha, lakini sasa natembea nayo.

Nawashukuru akina mama mliokuja, hata mliochelewa. Sisi tuliosoma tunaamini kwamba elimu huondoa hofu. Mimi naamini hivyo, na ndivyo ninavyofundisha. Lakini hofu iliyokaa mkononi huondolewa na mkono. Katika mitaa yetu wamo wagonjwa ambao leo hakuna aliyewagusa. Twendeni kwao wangali hai.

Sketi hii naipitisha sasa, kuanzia benchi la mbele. Msiitazame tu. Ishikeni, na mkifika penye pindo, vidole vyenu vitajua mkono wake uliishia wapi na mikono yetu ikaanzia wapi.