Kichupa Hiki Alikichonga Baba Yetu

Ndugu, majirani na mafundi mliofika, mimi ni Zhai Suqin, binti yake mkubwa, familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya baba yetu, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo wengine humu ndani wangependa niyaruke.

Marehemu Zhai Shouren alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 hapa Boshan, mtoto wa tatu wa Zhai Defu, mchochea moto wa tanuri la kioo, akaanza shule mwaka 1944 na kuishia darasa la nne, kisha Februari 1949 akapelekwa kwa Fundi Jiao kujifunza kuchonga vichupa vya ugoro, ambako kwa miaka miwili hakuruhusiwa kugusa kichupa, kazi yake ikawa kusaga mchanga mgumu na kuukoroga na maji, maana mchanga ndio unaokula kioo, gurudumu la chuma linausukuma tu.

Mwaka 1956 aliajiriwa katika karakana ya umma, tarehe 2 Februari 1960 akafunga ndoa na mama yetu, Sun Guizhen, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Zhai Liang.

Aprili 1962 alipewa kichupa cheupe kilichovikwa kioo chekundu, auondoe wekundu wote isipokuwa jani la kabichi na panzi juu yake, na siku ya kumi na tisa, panzi akiwa bado hajachongwa, gurudumu likafumua kiputo cha hewa kilichojificha katikati ya jani. Sheria ilikuwa moja tu, chenye kiputo kivunjwe, kirudi tanurini. Baba hakukivunja, alikichonga kiputo kingo zake kikawa tundu, akamweka panzi mdomo ukingoni, kama aliyetoka kula sasa hivi. Msimamizi akamuuliza, "Wewe Zhai, karakana hii ya mama yako?", akamwandikisha barua ya kujikosoa mbele ya wenzake, na kichupa kikauzwa.

Alistaafu mwaka 1996. Mwaka 2011 picha ya kichupa kile kile ilitokea katika kitabu cha mnada, ikielezwa kuwa ni kazi ya karakana ya mfalme, umri wake miaka mia mbili na ushee, Baba akapanda treni hadi Beijing, akamwambia muuzaji, Bwana Meng, kuwa kazi ile ni yake, akajibiwa, "Mzee wangu, macho yamechoka, nenda nyumbani ukanywe chai." Baada ya mwezi Bwana Meng alikuja mwenyewe kwetu na pombe nzuri, akitaka Baba anyamaze na achonge vingine sita, avipake tumbaku na masizi ndani ili vionekane vya kale, na Baba akamwambia, "Mimi sina miaka mia mbili. Beba pombe yako." Kwa miaka minane aliwaandikia watu wa mnada barua zisizojibiwa, mtaani wakamwita Mzee Panzi, na sisi wanawe, nakiri, tulimsihi aache.

Alianza kuugua mapafu Machi 2017, kwa vumbi lile la mchanga, akafariki tarehe 9 Novemba 2019, saa nne asubuhi, bila kuaminiwa.

Juzi Mzee Luan, aliyekuwa karani wa karakana, alituletea jalada alilolihifadhi tangu karakana ifungwe, na ndani yake imo barua ile ya kujikosoa, ya tarehe 11 Mei 1962, ina mhuri, kwa mwandiko wa Baba, na mchoro wa jani, tundu na panzi, ikisema, "Nakiri kwamba kichupa hiki nilipaswa kukivunja, nami sikukivunja." Nakala ziko mezani karibu na mlango, kila mtu achukue moja, na wewe Bwana Meng uliyekaa safu ya nyuma, shada lako lililoandikwa "mpenzi wa vitu vya kale" tumelitoa nje, chukua nakala mbili, moja uipeleke mnadani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliotupikia uji na mikate ya mvuke siku zote hizi, na mafundi wenzake, Mzee Luan kwanza. Waliomcheka hatuwashukuru.

Baba, nilikuomba unyamaze, nilikosea, na nimelisema mbele ya watu. Pumzika kwa amani, kelele tumezichukua sisi.