Bwana Sikio Anakiacha Kiti cha Boila Namba Mbili

Baada ya miaka thelathini na minne ya kulisha moto, tarehe thelathini Juni anastaafu msimamizi wa boila namba mbili, tunayemwita Bwana Sikio. Nimeombwa niandike mimi, mwendeshaji mwenzake, kwa kuwa hapa kwenye kituo cha kufua umeme hakuna anayeandika vizuri kunizidi, na hakuna aliyemwonea wivu kunizidi. Yote mawili ni kweli.

Tuliajiriwa wiki moja, vibarua wa uwanja wa makaa ya mawe, kila mtu na koleo lake. Mimi nilikuwa na nguvu, sura na maneno. Yeye alikuwa na sikio. Siku moja aliegemeza mpini wa ufagio kwenye kinu cha kusagia makaa, ncha ya pili akaitia sikioni, akasema humo ndani mna jiwe. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Kinu kikafunguliwa: jiwe hilo, kubwa kama kichwa cha mtu. Nami nikanunua ufagio, tena mpya. Nikasikiliza mwaka mzima, nikaambulia masizi.

Mjini wanadhani umeme unatoka ukutani. Unatoka kwetu: hospitali, pampu za maji na viwanda vya mikoa mitatu, na unaobaki tunawauzia majirani wa ng'ambo ya mpaka. Boila namba mbili ikizimika, nusu yao wanatafuta mishumaa. Ndiyo maana kiti kile nilikitamani miaka kumi na tisa. Hata mke wangu, nikirudi nyumbani siku umeme ulipotulia, husema, "Leo shemeji Sikio alikuwa kazini." Kumbe zamu ilikuwa yangu!

Masika fulani makaa yalilowa, yakaganda kwenye bomba la kuyateremshia kinuni. Bwana Sikio alikwenda kula, akatuachia agizo: gongeni chini, taratibu. Mimi nikaona huo ni woga. Nikabeba nyundo kubwa, nikagonga juu. Yakashuka yote kwa mkupuo, tope tupu, kinu kikakabwa, moto ukazimika. Mchana kweupe mikoa miwili ikakosa umeme kwa muda wa saa tano. Aliporudi hakunikemea. Tuliwasha upya, kisha kwenye daftari la zamu akaandika kwamba tumekosea sote wawili. Kosa langu, halafu yeye ndiye akasifiwa kwa ukweli! Nilimshukuru, na wiki nzima nikamnunia.

Amefundisha waendeshaji arobaini na mmoja, meneja wetu akiwa mmojawapo. Mwezi uliopita meneja alimtaka aandike nani amrithi. Wapo wenye vyeti vya kujaza ukuta. Mimi niliiacha shule kabla haijaniacha. Nilikosa usingizi. Barua ikasomwa mbele ya zamu nzima: "Mpeni huyo msemaji. Ndiye pekee aliyewahi kuizima kwa mkono wake. Hatarudia." Watu walicheka hadi king'ora cha kubadilishana zamu kikalia. Mimi nilijificha nyuma ya kinu, nikasingizia vumbi machoni.

Ahsante, kaka. Tunakuombea umri mrefu, mgongo usiouma, na shemeji asikuchoke upesi ukishinda nyumbani. Kiti nimekipata, wivu bado ninao: nimekijaribu siku tatu, na kila simu inayoingia inaanza kwa kuuliza uko wapi. Nenda zako kwa raha. Nitawajibu mimi.