Mtu wa Mia Tatu: Bi Mwanasha Anaiaga Meza ya Dirishani

Jumatano hii, tarehe 30 Septemba 2009, Bi Mwanasha Hanif anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Wainaina na Binti, Washauri wa Kodi, kwa miaka thelathini na miwili na miezi mitano kasoro siku moja. Hiyo kasoro ni yake. Nilipomuuliza aliajiriwa lini, alinitajia tarehe 2 Mei 1977, kisha akanihesabia mwenyewe kwa vidole, asije akasomwa mbele za watu kwa hesabu ya kukisia.

Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo maana hatujamsifu miaka yote hii. Leo anaondoka, hatuna tena cha kuogopa, na tutamsifu hadi achoke.

Alizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, akaja Nairobi akiwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha upigaji chapa mkobani. Marehemu mzee Wainaina alimwajiri apige chapa barua. Haikupita miaka mitatu akawa anazisahihisha barua hizo kabla ya kuzipiga, maana sheria ya kodi alikuwa ameielewa kuliko wale walioisomea. Mzee hakuwa mtu wa makuu. Alimpa meza yake mwenyewe, ile ya dirishani inayotazama Mtaa wa Tom Mboya, na kumkabidhi wateja ambao makampuni mengine hayakuwataka: walimu, wauguzi, makarani, walinzi wa usiku, watu wa mshahara mmoja na maswali mengi.

Wafanyakazi wapya huuliza kwa nini kibao cha mlangoni kwetu ni cha Kiswahili ilhali mtaa mzima umeandikwa Kiingereza. Ni kazi ya Bi Mwanasha. Mwaka 1994 alimshikilia mzee kwamba mtu hawezi kuletewa jambo la kodi yake kwa lugha ya kukopa, na mzee akakubali. Kikaandikwa kwa rangi nyekundu: MAREJESHO YA KODI, PANDA NGAZI. Bi Mwanasha, mtu wa pwani, alimaanisha zile fomu ambazo kila mwenye kipato huzijaza na kuzirejesha serikalini kabla ya Juni kwisha. Nairobi ilisoma vingine.

Asubuhi ya pili foleni ilianzia mezani pake, ikashuka ngazi na kumwagikia barabarani. Jiji lilikuwa limesikia kwamba serikali imeanza kuwarudishia watu pesa za kodi. Mama mmoja wa Riruta alikuja na risiti za nyumba ya kupanga tangu alipohamia, maana kwake kodi ilikuwa ile anayomlipa landilodi, na alikuwa na hamu kubwa ya kurudishiwa. Kitisuru ilileta watunza bustani sita, wametembea kwa miguu hadi mjini. Mmoja wao, Zachariah Maina, ndiye aliyeuliza kwa niaba ya wote: "Mama, hiyo pesa yetu inarudishwa leo ama tukuje kesho?"

Mwingine angewacheka au angemwita askari. Bi Mwanasha aliagiza chai, akawaketisha mmoja mmoja, akawaeleza maana ya marejesho, na kwa kuwa walikwisha kuja, akatazama karatasi zao. Karibu wote walirudi mikono mitupu lakini wameelewa. Zachariah peke yake aligundulika amekatwa kodi kupita kiasi mwaka mzima, kwa kuwa mwajiri wake alisahau kumpa ule unafuu wa kila mwezi ambao kila mfanyakazi anastahili. Bi Mwanasha aliandika barua kumi na moja. Hundi ilitoka baada ya miezi kumi na minne, na Zachariah akaja na chungu cha maua ya zambarau ambacho hadi leo kiko dirishani. Kibao nacho kilibaki. Aliongeza tu mstari mdogo chini yake kwa mkono wake: Kinachorejeshwa ni fomu.

Sasa nifike mahali ambapo mimi, Nthiwa, ninaingia, na siingii vizuri.

Niliajiriwa Machi 2008 kutoka kampuni nyingine, kazi yangu ikiwa kuleta kompyuta na maarifa yake. Habari ya kuwasilisha fomu kwa mtandao ilipoanza kuvuma, nilisimama kwenye mkutano wa Januari mwaka huu na kusema kwamba meza ya dirishani imepitwa na wakati. Mtu anaingia saiba, yale maduka ya kukodi kompyuta, anajaza, anabonyeza, amemaliza. Mkurugenzi wetu, Bi Anita Wainaina, alinisikiliza na kutoa uamuzi: ikiwa meza ile haitapata wateja mia tatu msimu huu, itafungwa siku Bi Mwanasha atakapostaafu. Alilisema kwa huzuni, lakini alilisema.

Wote tulimgeukia Bi Mwanasha. Hakubisha. Alichofanya ndicho kilichotuchanganya: alianza kuwafukuza wateja.

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliitamka mara mia kwa siku: "Mwenye karatasi moja na ajifanyie, mwenye mbili na akae." Aliyekuja na P9 moja, yaani karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka, alichorewa ramani ya kurasa za mtandao kwenye kipande cha karatasi, akaelekezwa saiba ya ng'ambo ya barabara, na kuambiwa asimlipe mtu kwa jambo analoliweza. Aliyekuwa na waajiri wawili, au mshahara na nyumba za kupangisha, huyo alivutiwa kiti. Bi Anita alishuhudia watu tisa wakiondoshwa asubuhi moja, akashindwa kujizuia: "Mwanasha, unawafundisha watu kutuhama na mimi nalipa ofisi!" Jibu lake lilikuwa kwamba chema chajiuza. Mimi nilicheka chinichini, na leo ninaona aibu kuliandika.

Wiki ya pili ya Juni wale waliofukuzwa walianza kurudi, na hawakurudi peke yao. Mwalimu aliyeelekezwa saiba alimleta mama yake mwenye vyumba vya kupanga Kawangware. Muuguzi alimleta mumewe mwenye kazi mbili. Zachariah, ambaye siku hizi ni landilodi mwenye vyumba vyake Riruta, alikuja na majirani wanne na kuwahakikishia kwenye ngazi, sauti juu: "Huyu mama hawezi kukudanganya. Kama huna haja naye, atakwambia uende." Sijapata kuona tangazo lililofanya kazi vile.

Hata hivyo, saa tisa alasiri ya tarehe 30 Juni daftari lake lilikuwa na watu mia mbili tisini na tisa. Daftari hilo huandikwa nambari za PIN tu, zile za utambulisho wa mlipa kodi, bila majina, kwa kuwa anaamini siri ya mtu isikae wazi mezani. Ngazi zilikuwa kimya. Tulijua sote kwamba amepungua mmoja. Nilimwona akimwagilia maua ya Zachariah, nikatambua kwamba sikutaka tena kushinda.

Ndipo alipoinua macho na kuniita. Fomu yangu niliiwasilisha mwenyewe kwa mtandao wiki mbili nyuma, kwa dakika kumi na mbili, na nikajigamba ofisi nzima. Aliniuliza kwa upole: "Mwanangu Nthiwa, na ile karatasi ya ulikotoka i wapi?"

Mwaka 2008 nilikuwa na waajiri wawili. Mimi, mtaalamu, nilijaza karatasi moja. Ile ya miezi miwili ya kampuni ya kwanza ilikuwa nyumbani, ndani ya bahasha ambayo sikuwahi kuifungua. Nilikimbia kuifuata. Nilipofika tena nikihema, kiti kilikuwa kimevutwa tayari. Aliisahihisha fomu yangu, akaandika nambari yangu daftarini, akadai ada, nikalipa, risiti ninayo. Hakumwambia mtu. Hadi leo sijui kama aliligundua siku ile, au alilijua tangu Machi ile niliyoajiriwa na akaliweka akiba.

Kwa hiyo, Bi Anita, ninakiri mbele ya wote: mtu wa mia tatu nilikuwa mimi. Uamuzi wa kuiacha meza ulikwisha kuutia sahihi, na uamuzi, tofauti na kodi, hauna marejesho. Meza inabaki, na kuanzia kesho mimi ndiye nitakayeikalia. Niliiomba mwenyewe.

Bi Mwanasha, tunakushukuru kwa kutufundisha kwamba mteja anayeambiwa ukweli hapotei. Tunajivunia kwamba tulifanya kazi chumba kimoja na wewe. Mungu akupe afya, upumzike nyumbani kwako Riruta na wajukuu, na usiamke tena na mapambazuko ila kwa kupenda kwako.

Lakini kwaheri yetu ni ya muda. Mwaka huu una miezi tisa ya mshahara wetu na mitatu ya pensheni. Hizo ni karatasi mbili, na kanuni ni yako. Basi Juni ijayo utapanda ngazi kama wengine, nitakuvutia kiti, na kabla hujatua mkoba nitakuuliza: ile karatasi ya ulikotoka i wapi?