Paulino Yugu, Aliyehamisha Kijiti cha Bwawa

Watoto wenye vyeti wamejaa hapa, wamejikunyata kama kuku wa mvua, ati mimi ndiye niandike habari za marehemu. Haya. Mimi Viktoria, dada yake mkubwa, naandika. Mtu asicheke herufi zangu.

Marehemu Paulino Yugu alizaliwa Lobule mwaka 1921, mwezi wa kupalilia mtama. Alisoma kwa misheni Ediofe mpaka darasa la tatu. Alisema padri amemaliza kumfundisha. Padri alisema vilevile, lakini kwa hasira.

Alilima mtama na mihogo kando ya kijito. Mwaka 1947 alimwoa Paska wa Ayivu. Siku ya kwenda ukweni alianguka na baiskeli. Jogoo wa zawadi aliyefungwa nyuma ya baiskeli alifunguka, akafika mbele yake.

Mwaka 1973 serikali ilikuja kujenga bwawa. Mpima ardhi alipanda vijiti vyekundu: maji itafika hapa. Kimoja kilikuwa upande wa juu, nyuma ya nyumba ya Paulino. Aliking'oa, akakipanda chini karibu na kijito.

"Dada, maji ya serikali itatii alama ya serikali."

"Maji iko na macho, wewe?"

"Wewe hukusoma Ediofe. Nyamaza."

Karani wa kuhamisha watu alikuta kijiti kule chini, akaandika nyumba iko salama. Majirani walipewa viwanja Koboko; Paulino alipewa pole. Machi 1975 maji iliingia Paska akisonga ugali. Aliokoa sufuria na mwiko. Mtama ulioza, nyuki walihama, tukaletewa vyura na mbu.

Paulino alijenga tena hatua thelathini juu, pembeni ya kaburi la mama yetu, lililobaki nje ya maji. "Mama hawezi kukaa peke yake na vyura," alisema. "Na mimi mtanizika hapa."

Homa ya mbu ilimshika tarehe 9 Agosti 1978. Alifariki tarehe 22 asubuhi, akigombana na Paska juu ya dawa chungu.

Ameacha mke wake Paska, mwanawe Kasimiro, wajukuu sita, na mimi.

Apumzike salama, tena pakavu. Maana tangu jana shimo lake linajaa maji, na Kasimiro anataka tumpeleke Koboko. Hapana! Kule juu iko kichuguu kikubwa. Wewe unayesoma, weka karatasi hii mfukoni, shika karai, lete udongo mkavu tuinue kaburi pembeni ya mama. Asiyeleta karai moja asiguse maharagwe yangu.