Harusi ndani ya Diski Mbili

Khadidja hakuwa na tabia ya kudukiza maneno ya watu, ila wale wawili wa kiti cha mbele, ndani ya basi la Carama, hawakujua kunong'ona. Kijana alikuwa amepakata kompyuta. "Mi napiga video za harusi," alimwambia jirani yake, fundi mwenye bisibisi mfukoni. "Nimeunga diski mbili, zinakuwa kama moja. Kila video inakatwa vipande, kimoja huku, kingine kule. Zinafanya kazi pamoja, mbio sana!"

"Na moja ikikufa?"

"Inabaki ya pili."

"Inabaki na vipande tu. Apana, ndugu, ikikufa moja, zimekufa zote. Kopi uliweka wapi?"

"Kopi inakula nafasi. Hata kadi za kamera nilishafuta. Na diski ni mupya."

"Hata mutu mupya anakufa," fundi alisema, kama mwenye kuwafahamu kadhaa.

"We unaogopa bure. Humu kuna harusi ya Houda wa Buyenzi. Muzee mumoja anacheza na fimbo yake, utacheka!"

Kiti kilianza kumchoma Khadidja. Houda alikuwa binti yake. Mzee wa fimbo alikuwa mumewe, nao walimzika kabla video haijatoka.

Bado walikuwa wakibishana basi liliposimama Kinama. Kijana aliinuka, kona ya kompyuta ikagonga mlango. Carama ilikuwa bado mbele, lakini Khadidja alikuwa ameshashuka nyuma yake, mikono yote miwili chini ya ile kompyuta.

"Lete, mwanangu," alisema. "Mi nitabeba."