Mzee Bartho, Mkaguzi wa Viti Asiye na Kiti Kwake

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kutumika miaka thelathini na mitatu na miezi minne, Mzee Bartholomeo Kihwele anavua koti lake la kaki na kutuachia Karakana ya Samani ya Mansoor, hapa Mlandege. Mimi Pendo wa mapokezi ndiye niliyepewa kazi ya kumwandikia wasifu huu na kuusoma mbele yenu. Wenzangu walikataa, eti wangeangua kicheko kabla ya aya ya pili.

Mzee Bartho, kama tunavyomwita sisi, ni mzaliwa wa Igowole, Mufindi. Alifika Iringa mjini Julai 1992 akiwa na randa moja na barua ya padri wake. Alianza kwa kupiga msasa, akawa fundi, na mwaka 2004 Mzee Mansoor akamfanya mkaguzi wa samani zote za kale tunazokarabati. Hapo ndipo alipotuletea utaratibu wake. Kiti hakitoki getini mpaka yeye akikalie akiwa na kikombe cha chai kilichojaa pomoni. Chai ikimwagika hata tone, kiti kinarudi kwa fundi. Isipomwagika, anaimaliza taratibu, anafuta mdomo, anachukua chaki na kuandika chini ya kiti: Kimepita. Kwa utaratibu huo ameunguza suruali kumi na moja, na hakuna mteja wetu hata mmoja aliyewahi kudondoka.

Sasa, samani za kale zina vipande visivyotengenezeka tena. Sisi tungevitia jikoni tuchemshie gundi. Yeye hawezi kabisa. Mguu wa meza ya misheni, mkono wa kiti cha meneja wa mashamba ya chai, droo iliyofiwa na kabati lake, vyote alivifunga kwenye baiskeli kila Jumamosi akaondoka navyo. Mzee Mansoor alimruhusu kwa moyo mweupe, akidhani ni kuni.

Nyumba aliyoipamba kwa vipande hivyo jamani haielezeki, ila nitajaribu. Geti ni ubao wa kichwani wa kitanda cha mninga, kwa hiyo mgeni anaingia uani kama mtu anayekwenda kulala. Mpini wa mlango ni mkono wa kiti. Unaushika, mnapeana kamwene, salamu yetu ya Kihehe, unaingia. Ukutani zimepigiliwa droo, ndani yake vikombe. Juu ya dirisha imepangwa miguu ya viti kumi na minne, kila mmoja umeandikwa kwao ni wapi. Pembeni kuna sanduku la saa ndefu lililotoka Tukuyu, halina mashine. Humo anataga kuku mwekundu, na akilia tu Mzee anatangaza kwamba ni saa nne. Ni nyumba nzuri, nasema kweli, ukiingia hutamani kutoka. Shida ni kwamba hakuna pa kukaa.

Ndiyo, mmenisikia. Mkaguzi wa viti hana kiti! Vipande vyote viko ukutani, na kukibandua hata kimoja anasema ni kuharibu mpangilio. Padri alipokwenda kubariki nyumba alikalishwa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, akafupisha sala. Mama Paskalina, mkewe, ameikalia ndoo hiyohiyo miaka nenda rudi akiahidiwa kiti wiki ijayo.

Baada ya Pasaka mwaka huu Mama alikuja mapokezi. Nilimkaribisha kiti, akakitazama kwanza kama mtu anayekumbuka kitu cha utotoni. Akaniambia amechoka. Mume akiwa kazini, ndoo inavumilika. Lakini akistaafu, watu wazima wawili wakae kutwa nzima na ndoo moja? Hapana, hapana kabisa. Siku ya kustaafu ikifika hakuna kiti, atapanda basi aende Mbeya kwa binti yao Goodness, mwenye makochi, na harudi. Hakuwa anatania, alilia pale mezani kwangu, na mimi kwa ujinga wangu nikalia naye.

Mzee alipoambiwa alikonda. Alibandua mguu mmoja ukutani, akaubembeleza, akaurudisha. Kesho yake akajaribu mwingine, akaurudisha. Roho ilimkatalia.

Mwezi wa nane vitu vikaanza kupotea kwake. Ulianza mguu mmoja, ukafuata mwingine, Septemba ikatoweka milango miwili midogo ya kabati, mwisho mpini wenyewe wa mlango. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akabandika tangazo hapa karakana, akaahidi kuku mwekundu kwa atakayemtaja mwizi. Tulilisoma sote tukiwa na nyuso za msibani. Kule nyumbani akaona begi la Mama linavimba kila wiki, akajua safari ya Mbeya imeiva. Wiki hii nzima hajagusa chai, na hilo halijawahi kutokea.

Mzee Bartho, sasa nakugeukia wewe, na usinikatize. Begi lile halikuwa na nguo hata moja. Kila Jumanne ulipokwenda Mafinga kuchagua mbao, Mama alilileta hapa na kututolea vipande vyako, na fundi Marcelino akaviunganisha. Mwizi ni mkeo. Sisi ni wapokeaji wa mali ya wizi. Gundi katoa Mzee Mansoor. Tulipokukalisha hapa mbele ubavuni kwa Mama, tukawapa kila mmoja kikombe kilichojaa pomoni, kwa mawazo uliyokuwa nayo hukuuliza chini ya kitenge mlichokalia kuna nini. Ni kochi la watu wawili, baba. Miguu ni yako, mikono ni yako, na mgongo ni ile milango miwili ya kabati uliyoililia Septemba.

Asante kwa kazi yako, kwa ukali wako, na kwa suruali zako zote kumi na moja. Mungu awape uzee mtulivu, wewe na Mama, mkiwa mmekaa. Haya niliyaandika jana, kabla hamjakalia, kwa sababu namwamini Marcelino. Hebu tazama suruali yako. Ni kavu? Basi chaki hii hapa, Mzee. Inuka uandike, kisha urudi ukae na mkeo.