Kuwabara Yoshitsugu, Aliyeligonga Daraja la Oshizawa (1951–2024)

Marehemu Kuwabara Yoshitsugu alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 katika kijiji cha Tanigami, ng'ambo ya mto Oshizawa, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Kuwabara Genzaburo na mkewe, marehemu Kiyo. Mtoto wa pili na wa mwisho ni Fumie, ndiye anayeusoma wasifu huu, na anaomba radhi mapema kwa kuwa hana sauti ya msibani. Siku marehemu alipozaliwa theluji ilifika dirishani, na mkunga alichelewa kwa sababu wakati huo mto ulivukwa kwa mashua ya kuvutwa kwa kamba.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tanigami, kisha sekondari hadi mwaka 1966, na akamaliza shule ya ufundi wa ujenzi Machi 1969. Akiwa na miaka kumi na mitano alishuhudia daraja la zege likijengwa juu ya mto huo. Baba yake alikuwa kibarua wa kusukuma mchanga. Jioni moja mzee alirudi, akanawa miguu, na wakati wa kula akamwambia mwanawe kwamba mchanga wa mtoni ulikuwa umekwisha, na tangu Jumatatu walikuwa wakileta wa ufukweni bila kuuosha. Kijana akauliza kuna ubaya gani.

"Chumvi itakula nondo," baba yake akamjibu. "Si leo wala kesho. Mimi nitakuwa nimekufa, wewe utakuwa mzee." Kisha akaendelea kutafuna figili zake. Mwaka uliofuata daraja lilifunguliwa kwa bendi na bendera, na familia nzima ikalivuka ikipunga mikono.

Mwaka 1969 marehemu aliajiriwa na kampuni ya ujenzi ya mjini, na mwaka 1978 akahamishiwa kitengo cha ukaguzi wa madaraja, ambako alibaki hadi kustaafu. Kampuni hiyo haitatajwa hapa. Imekwisha kujitaja yenyewe kwenye shada kubwa kuliko yote, lile lililosogezwa karibu na kapu la miavuli.

Kazi yake ilikuwa kujua kilichomo ndani ya zege bila kulibomoa. Alikuwa na rada ya kuonyesha nondo zilipolala na kifaa cha kupima kutu kwa umeme, na vyote alivitunza vizuri kuliko alivyotunza meno yake. Lakini alianza siku zote na nyundo ndogo yenye mpini mrefu. Zege zima ukiligonga hulia kavu na juu. Zege lililoachana na nondo hulia zito na chini, kama mtu anayejibu akiwa na chakula mdomoni. Tabia hiyo aliileta nyumbani. Aligonga matikiti maji, aligonga kuta za hoteli, na mwaka 2003 aligonga sakafu mpya ya jiko la dada yake, sakafu ambayo dada huyo alikuwa ameisifu mtaa mzima, akamwambia kwamba nusu ya vigae havikuwa na kitu chini yake. Fumie hakumsemesha kwa wiki mbili. Vigae vilianza kubanduka mwezi Desemba.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 22 Aprili 1984 na Mitsuyo, binti wa mtengeneza mapipa ya mchuzi wa soya. Siku ya kutambulishwa kwa wakwe, watu wakiwa wamekaa kwa adabu na chai imemiminwa, alinyoosha mkono akaigonga kwa vidole nguzo iliyokuwa nyuma yake, akasikiliza, akagonga tena. Kisha akamwambia baba mkwe kwamba mchwa wamo. Mzee alikasirika sana, na wageni wakaondoka mapema. Siku tatu baadaye aliitoboa nguzo ile kwa patasi, na jioni hiyo hiyo akapiga simu akisema kijana arudi, kwa kuwa mtu asiyeweza kunyamaza hata akitafuta mke hatamdanganya bintiye. Walijaliwa mtoto mmoja, Chinatsu, mwaka 1993.

Sasa inafika sehemu ambayo jamaa wengine waliomba irukwe. Haitarukwa, kwa sababu marehemu mwenyewe hakutaka.

Mwezi Januari 2015 aliligonga daraja la Oshizawa kwa zamu ya ukaguzi. Chini ya sehemu ya nne ya daraja, eneo la mita kumi na mbili za mraba lilimjibu kwa sauti nzito. Alichonga kipande cha zege chenye umbo la mche duara, na ndani yake mlikuwa na kombe dogo jeupe la baharini, ganda zima kabisa. Kipande hicho alikileta nyumbani, na bado kiko juu ya kabati la viatu. Aliandika kwamba zege bovu libanduliwe lote, nondo zisafishwe kutu, pazibwe upya, na ndipo kitambaa cha nyuzi za kaboni kibandikwe kwa gundi. Kitambaa hicho ni kitu kizuri, na marehemu alikiheshimu. Madaraja arobaini na moja yaliyoimarishwa kwa usimamizi wake yanacho mpaka leo. Juu ya zege zima kinabeba kuliko chuma. Juu ya zege bovu ni bandeji juu ya jipu ambalo halijakamuliwa, na tena huzuia watu wasione usaha.

Kubandua kungepeleka kazi hadi Mei, na kazi za serikali zinafungwa mwaka wa fedha unapoisha, tarehe 31 Machi. Basi mkuu wa kitengo, Bwana Adachi, aliamuru kitambaa kibandikwe juu ya uozo kama ulivyo. Kikabandikwa, kikapakwa rangi ya kijani kibichi, kikapendeza kweli kweli. Tarehe 27 Machi ripoti ililetwa mezani kwa marehemu, ikisema zege lote lilikuwa limetengenezwa. Bwana Adachi alimwambia, "Mzee Kuwabara, umebakiza mwaka mmoja ustaafu, na binti yuko chuo. Gonga muhuri, twende tukale."

Aligonga. Wasifu huu hautamsafisha. Alitoa muhuri wake mwekundu, akaugonga mahali pake, na Bwana Adachi akagonga wake juu. Wakaenda kula tambi. Tangu siku hiyo, kila alipoona rangi ile ya kijani, hata kwenye kikombe, alisukuma kitu hicho mbali. Mitsuyo alitupa mapazia yao ya kijani.

Baada ya kustaafu mwaka 2016, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alishuka chini ya daraja lile na ngazi yake. Aligonga, akazungushia chaki mahali palipolia vibaya, akaandika daftarini. Mita kumi na mbili zikawa kumi na tisa, kisha thelathini na moja. Kila mara mtu alitumwa kuosha chaki. Fikirini hilo, ndugu waombolezaji: watu waliokosa muda wa kubandua uozo walipata muda wa kuosha chaki. Aliandikia halmashauri ya mji barua thelathini na mbili, na katika kila barua alikiri muhuri wake. Alijibiwa mara thelathini na mbili kwa maneno yale yale, kwamba anashukuriwa kwa maoni yake na kwamba daraja lina ripoti. Ripoti yenyewe ni ile. Inachukiza, na Fumie haoni neno jingine la heshima la kuweka hapo.

Mwezi Juni 2022 alianza kukosa pumzi ngazini. Daktari wa hospitali ya mkoa alimlaza chali, akamgonga kifua kwa vidole kabla ya kumpiga picha. Marehemu alisikiliza pamoja naye. Picha zilipotoka, daktari alipoanza kusema kwamba hakuna haja ya kuwa na wasiwasi, marehemu alimkatiza.

"Hapo kushoto chini pamelia vibaya, daktari, na wewe umesikia. Usinibandikie kitambaa."

Daktari kijana yule akakaa kitandani, akamweleza yote: ni saratani ya mapafu, na imeshatambaa. Marehemu alimshika mkono akamshukuru, na nyumbani alisema kwamba kwa miaka saba hakuwahi kujibiwa vizuri namna ile. Alivumilia matibabu kwa miezi ishirini. Mara ya mwisho kushuka chini ya daraja ilikuwa Oktoba 2023, Chinatsu akimshikia ngazi. Alifariki dunia tarehe 14 Machi 2024, saa kumi na mbili asubuhi, mkewe na bintiye wakiwa kando yake. Jambo la mwisho aliloomba ni kwamba asivushwe daraja la Oshizawa, hata akiwa maiti, kwa kuwa wanaombeba watakuwa hai.

Marehemu ameacha mjane, Mitsuyo. Binti mmoja, Chinatsu, mkaguzi wa madaraja katika mkoa mwingine, ambaye nyundo sasa ni yake. Mkwe mmoja, mjukuu mmoja wa miaka minne, na dada mmoja.

Sehemu hii imeongezwa asubuhi ya leo, Jumatatu tarehe 18 Machi. Mahali pa kuchomea maiti pako Tanigami. Kwa darajani ni dakika kumi, lakini msafara utazunguka kwa daraja jingine, kule juu mtoni, dakika hamsini. Jana kwenye mkesha, Bwana Adachi, ambaye sasa ni mkurugenzi na ameomba kumsindikiza marehemu hadi mwisho, alimwambia mjane akiwa ameshika glasi, "Shemeji, kuwazungusha wazee hawa ni kuwatesa bure. Daraja ni zima. Mumeo mwenyewe alitia muhuri."

Mitsuyo alimwongezea bia, akasema, "Ni kweli alitia, Bwana Adachi. Na wa kwako uko juu yake. Basi kesho panda gari lako, pita darajani, utusubiri ng'ambo."

Waombolezaji thelathini na wanane wameandika majina yao mapokezini, kila mmoja na njia aliyoichagua. Njia fupi haina jina hata moja. Bwana Adachi ameandika lake kwenye basi la njia ndefu, nambari kumi na saba, na pembeni amegonga muhuri.

Basi la shule ya Tanigami lilipita juu ya daraja leo saa moja na dakika arobaini asubuhi, likiwa na watoto ishirini na sita. Litarudi saa tisa alasiri.

Kaka Yoshitsugu apumzike. Sisi tuliobaki tusipumzike kwanza.